Nina kinundu kwenye kidole gumba na kisigino kinauma, nivae kiatu gani kwenye harusi?

Dada pole na miguu, na hongera kwa harusi ya mdogo wako. Nilirudie swali lako kwa kifupi ili na wengine wenye shida kama hii wafuatilie vizuri. Una miaka 46, mguu wa kulia una kinundu pembeni ya kidole gumba, ule mfupa unaotokeza kwa ndani na kuwa mwekundu ukivaa kiatu cha kubana, alafu asubuhi ukishuka kitandani zile hatua za kwanza kisigino kinachoma kama umekanyaga msumari, ukishatembea tembea kinatulia. Harusi ni wiki sita zijazo, utasimama, utapokea wageni, utacheza, unakadiria masaa saba uko juu ya miguu. Ulishanunua mchuchumio wa sentimita 9, umechongoka mbele, ukaujaribu ndani dakika kumi ukauvua. Ukachukua saizi moja juu, nyuma ikawa inapwaya na vidole bado vinaumia, hapo ndo ukachanganyikiwa kabisa. Unauliza uchukue flati yoyote yaishe au kuna namna ya kupendeza bila kuumia. Na mwishoni umemtaja mzee hapo nyumbani na gauti yake, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma ghafla, na viatu vyake vya suti, huyo ntamfikia.

Jibu la haraka haraka: ule mchuchumio hapana, saizi ya juu hapana, na flati nyembamba nazo hapana, samahani, najua hiyo ya mwisho hukuitegemea. Tafuta kiatu chenye mkanda au kamba juu ya mguu, mdomo mpana, kisigino kinene cha sentimita 3 hadi 4, na kwa nyuma mguu uwe umeshikwa vizuri. Vipo, tena vya kung'aa, sasa ngoja nikueleze kwanini nasema hivyo ili hata ukiwa dukani peke yako usibabaishwe.

Watu wakitafuta kiatu cha sherehe wanaangalia rangi, alafu urefu wa kisigino, alafu bei. Mimi nataka uanze na swali lingine kabisa: hiki kiatu kinashikiliwa na nini mguuni? Raba inashikiliwa na kamba pale juu ya mguu, kwa hiyo vidole huku mbele viko huru vinacheza. Sasa chukua kile kiatu cha sherehe cha kutumbukiza mguu tu, kimekatwa wazi huku juu mpaka karibu na vidole. Hakina kamba, hakina mkanda, hakina chochote. Kinakaaje mguuni? Kwa kubana tu. Kinaminya vidole mbele, kinaminya kisigino nyuma, na mguu umeshikwa hapo katikati. Yaani kubana ndo namna kinavyofanya kazi, aliyekitengeneza anajua, na ukikilegeza tu kinavuka. Na ukikivaa hivyo hivyo kimelegea, mguu wenyewe unatafuta njia ya kukizuia kisitoke, vidole vinajikunja kushika soli kila hatua bila wewe kujua, masaa saba mfululizo. Ndo maana unakuta mtu amevaa kiatu kikubwa kabisa lakini usiku analala vidole vinamuuma na unyayo umekaza.

Hapo pia umepata jibu la kwanini saizi ya juu haikukusaidia. Sentimita 9 ni mteremko, mguu unateleza kwenda mbele mpaka vidole vikwame kwenye ncha, na ile nafasi uliyoiongeza yote inahamia nyuma ya kisigino. Kwenye namba za Ulaya ukitoka 39 kwenda 40 unaongeza urefu wa kama milimita 6.7 hivi, kwenye namba za Uingereza hatua moja ni kama milimita 8.5, na kote huko upana unaongezeka kidogo mno. Shida yako wewe ni upana. Kwahiyo usipande saizi, badilisha umbo la kiatu. Kuna watengenezaji wanaotoa namba ile ile kwa upana tofauti na wanaandika herufi pembeni ya namba, D, E, EE, herufi ikizidi kwenda mbele kiatu kinazidi kuwa kipana. Uliza, muuzaji asipojua angalia mwenyewe kwenye boksi.

Sasa kinundu chenyewe. Kidole gumba kimeegemea upande wa wenzake, na mfupa mrefu ulio nyuma yake umesogea upande wa pili ndo ukatokeza. Mara nyingi umbo la mguu lenye tabia hiyo linarithiwa, muangalie mama au shangazi, kwahiyo usijilaumu sana kwa viatu vya usichana, ingawa viatu vya kuchongoka vinachochea na vinaumiza, hilo halina ubishi. Juu ya huo mfupa kuna kifuko kidogo chenye majimaji, kazi yake kupunguza msuguano, kikisuguliwa sana kinavimba, na ule wekundu na joto unaousikia unatoka hapo. Kwa hiyo pale kinundu kinapokaa kusiwe na mshono, kusiwe na ukingo, kusiwe na urembo ambao umegongewa kwa ndani. Usitumie macho, ingiza vidole vya mkono ndani ya kiatu papasa ukuta wa ndani taratibu, ukihisi kauvimbe kokote jua baada ya masaa mawili utakihisi mara kumi zaidi. Kitu kingine, sehemu pana ya mguu wako ikae kwenye sehemu pana ya kiatu. Inaonekana kama jambo la wazi lakini viatu vingi vya sherehe vinaanza kuchongoka mapema, upana wake uko nyuma na mguu wako upana wake uko mbele, hapo hata namba iwe sahihi hamtaelewana.

Sandozi za sherehe zina mtego wake. Zile za vikanda vyembamba ambavyo vinapita juu ya kinundu ni mbaya kuliko hata kiatu cha kufunika, maana kazi yote ya kushika mguu inafanywa na kakanda ka nusu sentimita, na kanakaa pale pale panapokuuma. Lakini ukipata sandozi yenye kanda mbili pana, moja ipite kwenye vidole mbele ya kinundu, nyingine juu ya mguu nyuma yake, kinundu kibaki wazi kinapumua, na kamkanda ka kuzunguka kifundo cha mguu, hiyo kwangu ndo namba moja. Ningekuwa wewe ningeanza kutafuta hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu malighafi, ngozi halisi laini na suedi zinatii mguu, vitambaa vya kuvutika navyo viko vizuri. Ngozi ile ya kung'aa sana kama imepakwa vanishi pamoja na ngozi bandia za plastiki hazitanuki kirahisi, zinabaki zilivyo. Muuzaji akikuambia "vaa tu dada, itaachia yenyewe," muulize itaachia wapi. Ngozi inaachia upana kidogo, urefu haiachii.

Tuje kisigino. Kwa maelezo yako hayo ya asubuhi inaelekea ni ule utando mgumu unaoanzia kwenye mfupa wa kisigino unapita chini ya unyayo mpaka kwenye vidole, ndo unaobeba tao la mguu. Madaktari wanaiita plantafashaitisi. Usiku umelala utando umejifupisha umepumzika, asubuhi ukikanyaga unavutwa ghafla, unapiga kelele. Kama hujapimwa nenda upimwe kwanza, maana kisigino kinauma kwa sababu nyingi na sio zote za kutibu kwa kiatu.

Sasa ndo sababu nimezikataa flati nyembamba. Flati ya sherehe kwa kawaida ina soli ya milimita chache, unakanyaga sakafu kama uko peku, haina kitu cha kubeba tao, na juu ya hapo nyingi ni zile zile za kutumbukiza ambazo zinashika kwa kubana. Kisigino kikiwa chini kabisa, misuli ya kigimbi na ile kano ya nyuma inavutika zaidi, kano inavuta mfupa wa kisigino, na utando wa chini nao unakaza. Ukiinua kisigino sentimita chache huo mvuto unapungua. Wagonjwa wengi wananiambia kwa aibu kidogo kwamba wakivaa kiatu chenye kakisigino wanajisikia afadhali kuliko ndala, wanadhani nitawagombeza, wala, wako sahihi kabisa. Ila ukizidi kupanda uzito wa mwili unahamia mbele, pale vidole vinapoanzia, na pale ndo kilipo kinundu chako. Kwa hiyo matatizo yako mawili yanagombana, kisigino kinaomba upande, kinundu kinaomba ushuke, na mahali yanapopatana ni kwenye hizo sentimita 3 hadi 4. Usiende zaidi ya 5 hata kama gauni limeshonwa kwa urefu fulani, gauni linakunjwa pindo, mguu haukunjwi.

Kama moyo umeng'ang'ania urefu kuna ujanja halali. Angalia tofauti kati ya kisigino cha kiatu na soli ya mbele, sio urefu wa kisigino peke yake. Kisigino cha sentimita 6 chenye soli nene ya mbele ya sentimita 2, mguu wako unausikia mteremko wa sentimita 4 tu. Ila usizidishe hapo, soli ikiwa nene sana mguu hauisikii sakafu na ukiteguka unateguka kutoka juu, na kwenye kucheza ndo watu wanateguka. Wedji, zile ambazo kisigino kimeungana na soli yote, ziko kwenye kundi hilo hilo, fupi nzuri, ndefu sizipendi. Na kisigino kiwe kinene, kikae katikati chini ya kisigino chako, kisiwe kimesogezwa nyuma kwa ajili ya urembo. Weka kiatu mezani, kigonge kwa kidole pale juu nyuma. Kikiyumba bila mtu ndani, ukisimama wewe kitayumba zaidi.

Ukiwa umekishika mkononi kifanyie na haya mengine matatu. Minya ule ukuta wa nyuma unaokumbatia kisigino, uwe mgumu, usibonyee ukaanguka ndani. Kunja kiatu, kikunjike pale vidole vinapokunjikia, kikikunjika katikati ya tao kirudishe kwenye shelfu, hicho hakina mfupa ndani. Alafu kisokote kama unakamua nguo, kikatae. Hapa niweke tahadhari kwa wasomaji wengine: kama shida yako ni kidole gumba kilichokaza, yaani kile kiungo cha chini hakikunjiki na ukikilazimisha kinauma, wewe kanuni ya kukunjika mbele haikuhusu, wewe unataka soli ngumu iliyopinda juu kidogo mbele ili ikubingirishe, na kisigino kifupi sana. Watu wawili wote wanasema "kidole gumba kinaniuma" na viatu vyao ni tofauti kabisa.

Kupima. Nenda jioni, miguu inavimba kadiri siku inavyokwenda na harusi yako inaishia usiku. Kabla ya kwenda, simama juu ya karatasi, umesimama sio umekaa maana mguu ukibeba uzito unatanuka, mtu mwingine akuchoree miguu yote miwili na kalamu iliyosimama wima. Kata, beba hizo karatasi. Ukiweka karatasi chini ya kiatu na ikatokeza pembeni, huna haja hata ya kujaribu, umeokoa mda. Mguu mmoja karibu kila mtu ni mkubwa kuliko mwingine, nunua kwa ajili ya mkubwa. Ukishavaa simama, mbele ya kidole kirefu kibaki na nafasi ya kama sentimita moja, na nasema kidole kirefu kwa sababu kwa watu wengine cha pili ndo kirefu na wanapima gumba tu. Tembea kwenye sakafu ngumu, sio kwenye kapeti la dukani ambalo linafanya kila kiatu kionekane kitamu. Panda ngazi kama ipo. Simama kwa vidole. Kaa nacho robo saa huku unaangalia vingine, muuzaji akinuna mwache anune. Na unaponunua mtandaoni usiamini namba, uliza urefu wa soli ya ndani kwa sentimita na upana wake pale mbele, linganisha na karatasi yako, na hakikisha wanakubali kurudisha.

Soli za ndani na majeli. Zinasaidia, ila watu wanazitumia vibaya. Jeli inakula nafasi, ukiiweka kwenye kiatu kilichokuwa kinakutosha sawasawa sasa kinakubana, na kinundu kinalipia. Kwa hiyo nenda nazo dukani, jaribu kiatu zikiwa ndani. Kwa kisigino chako kikombe kidogo cha jeli nyuma kinatosha. Kwa wanaoumia pale mbele vidole vinapoanzia, kile kitufe cha sponji kinawekwa nyuma kidogo ya panapouma, kuelekea kwenye tao, ili kiinue mifupa na kuitenganisha. Wengi wanakibandika chini ya maumivu yenyewe, ni sawa na kuongeza jiwe mahali palipo na jiwe.

Wiki sita ni mda mzuri sana, utumie. Ukishakuwa na uhakika kiatu hakirudi dukani, vaa nyumbani na soksi nusu saa jioni, kesho yake ongeza kidogo, wiki ya pili au ya tatu uwe umekipigia kazi za ndani na kucheza nyimbo mbili tatu. Angalia ngozi ukikivua, alama nyekundu ambayo haijaondoka baada ya dakika ishirini inakuonyesha pa kurekebisha. Mpelekee fundi viatu mzuri, kuna kifaa wanacho kama koleo chenye kitufe upande mmoja, wanatanua ngozi pale pale penye kinundu bila kugusa sehemu nyingine. Kifanyike kwa ngozi halisi tu. Kama soli ya chini ni ya kuteleza aikwaruze na msasa au abandike kipande cha mpira.

Kuhusu huo mchuchumio ulionao, umeuliza kama fundi anaweza kuukata kisigino. Anaweza kupunguza kama sentimita moja hivi, akizidisha hapo ncha ya mbele inainuka na mguu unakaa vibaya kabisa, maana soli nzima ilitengenezwa kwa mwinamo ule. Rudisha kama wanapokea. Kama hawapokei na unaupenda, vaa kwenye picha za kukaa, dakika ishirini, alafu vua, mimi sio polisi.

Siku yenyewe. Malengelenge yanatokana na ngozi kuvutwa huku na huku ikiwa na unyevu, kwa hiyo bandika plasta ya kitambaa asubuhi kwenye kinundu, nyuma ya kisigino na popote ambapo mazoezi yalikuonyesha, bandika kabla, sio baada. Beba viatu vya pili, ila sikiliza hili vizuri: usivue vya kwanza ukakaa peku "kupumzika kidogo" ukitegemea kuvirudia, mguu ukishavuliwa katikati ya shughuli unaweza kuvimba na hautarudi ndani bila vita. Ukivua, hamia kwenye vya pili moja kwa moja. Na vya pili visiwe kandambili, kisigino chako hakitakushukuru, viwe raba safi au sandozi yenye tao na mkanda wa nyuma. Kaa kila ukipata nafasi, hata kama ni dakika tano za hotuba ndefu. Kila ukikaa zungusha kifundo na vuta vidole kwako, kigimbi kinyooke.

Mambo mawili ambayo naomba usifanye. La kwanza ni kumeza dawa za maumivu au kupulizia dawa ya ganzi mguuni ili uvumilie kiatu kibaya. Kiatu kinaendelea kukuumiza, wewe ndo husikii tu, na asubuhi utajua. La pili ni ule mtindo wa kufunga kidole cha tatu na cha nne pamoja na tepu eti maumivu ya mchuchumio yanaisha. Tepu haipunguzi uzito uliohamia mbele wala haiongezi upana wa kiatu, na kati ya vidole hivyo hivyo viwili ndo ambapo neva huwa inavimba mara nyingi kwa watu wanaovaa viatu vya kubana, wanasikia moto au kama kuna kokoto ndani ya kiatu, sasa ukavifunge pamoja tena! Mwenye dalili hizo anataka mdomo mpana na kisigino kifupi, basi.

Usiku ukirudi inua miguu, bingirisha chupa ya maji ya baridi chini ya unyayo dakika kumi, nyoosha vigimbi ukutani, na kabla hujashuka kitandani kesho yake vuta vidole kwako mara kadhaa ukiwa bado umelala. Hilo la mwisho anza leo, usisubiri harusi.

Kwa wenye kisukari naongea tofauti, na kwa ukali kidogo. Kama miguu imeanza kufa ganzi, ushauri wa "jaribu uone kama kinauma" haukufai hata kidogo, maana kinaweza kukuchubua mpaka kidonda na wewe unacheza unafurahi. Nyinyi tumieni macho na karatasi ile niliyosema. Kiatu kifunikwe mbele, kiwe cha kufunga kwa kamba au velkro, kisiwe kipya siku hiyo, papasa ndani kila unapovaa maana kakipande ka chupa, kajiwe, chochote kinaweza kuwa kimeingia, usivue ukatembea peku kwenye ukumbi, na ukirudi kagua nyayo zote mbili kwa kioo au mtu akuangalilie. Sugu msikate wenyewe na wembe wala msibandike zile plasta zenye asidi, mwachieni mtaalamu. Kidonda kidogo tu, hospitali kesho yake, usikipe wiki.

Na wewe dada, mambo yatakayonifanya nikutoe kwenye habari za viatu nikupeleke kwa daktari: kisigino kuuma hata ukiwa umelala, ganzi, mguu mmoja tu kuvimba na kigimbi kuuma, kinundu kuwa na joto na ngozi kupasuka, au hayo maumivu ya asubuhi kuendelea wiki kadhaa pamoja na kunyoosha na kubadili viatu vya kila siku. Na hapo kwenye viatu vya kila siku ndo penye kazi kubwa zaidi, maana harusi ni masaa saba tu na miezi yote mingine unavaa nini kazini? Hukuniambia, niandikie.

Sasa mzee. Viatu vya suti vya kamba viko vya aina mbili, angalia pale kamba zinapofungwa. Kwenye Oxford zile mbawa mbili zenye matundu ya kamba zimeshonewa kwa chini, zinakutana hapo juu na hazifunguki sana. Kwenye Derby mbawa ziko juu zimeachia, ukilegeza kamba kiatu kinafunguka chote na unaweza kukilegeza zaidi usiku ukiingia na mguu ukivimba. Achukue Derby, mdomo wa duara, ngozi laini, bila mshono unaopita juu ya kiungo cha kidole gumba, na hakuna atakayeona tofauti kwenye picha. Lakini gauti ikiamka, kiungo kikawa chekundu, kinawaka, hata shuka likigusa anaruka, hapo hakuna kiatu cha kufunika kitakachomfaa, avae sandozi ya wazi, akae, mguu juu, na hiyo pombe ya sherehe aiache kwa wengine maana inachochea. Aonane na daktari wake wiki hizi, amueleze tarehe ya harusi, wapange mapema ni dawa gani awe nayo karibu na aimeze vipi ikimwanza siku hiyo, na zile za kila siku kama anazo asiziache kisa anajisikia mzima.